Pancha katika Magari ya Safari: Upepo Kabla ya Mwiba

Katika barabara ya vumbi inayotoka lango la Lodoare, ikapita juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kuteremkia nyanda za Oldupai hadi lango la Naabi la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, pancha ni jambo linalotarajiwa, na lawama zake kwa kawaida hutupiwa vitu viwili vinavyoonekana kwa macho, yaani mwiba na jiwe. Uchambuzi wa namna tairi linavyobeba mzigo unaonyesha kwamba mara nyingi vitu hivyo humalizia tu kazi iliyokwisha kuanzishwa na upungufu wa upepo, uzito uliozidi na joto, na kwamba dereva anayepima upepo alfajiri, kabla gari halijatoka kambini, amekwisha kuzuia sehemu kubwa ya matatizo ambayo mwenzake atayakabili mchana akiwa amepiga magoti vumbini.

Tairi halilibebi gari kwa mpira wake. Kinacholibeba ni hewa iliyobanwa ndani, na kazi ya mpira na nyuzi zilizofumwa ndani yake ni kuizuia hewa hiyo isitoke na kuipa umbo. Katika tairi la radiali, muundo ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliuwekea hataza mwaka 1946, nyuzi kuu hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine, na juu yake, chini ya kashata, yaani mpira wenye mistari unaogusa ardhi, huongezwa mikanda ya waya wa chuma inayoufanya uso unaokanyaga ardhi uwe mgumu. Ubavuni hakuna mikanda hiyo, bali zipo nyuzi zile za msingi na tabaka la mpira lisilo nene, kwa sababu ubavu umekusudiwa kujikunja kila unapofika chini na kujinyoosha kila unapoinuka. Upepo ukipungua, mkunjo huo huongezeka, na nguvu inayopotea ndani ya mpira kwa kila mkunjo hugeuka kuwa joto, ambalo likikaa kwa saa kadhaa hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi, hata tairi likafika mahali pa kupasuka bila kuchomwa na kitu chochote.

Kipimo cha joto hilo dereva anacho mkononi, nacho ni geji ileile ya upepo. Tairi lililojazwa upepo 35, yaani paundi 35 kwa kila inchi ya mraba au takribani baa 2.4, wakati hewa iliyo ndani ina nyuzijoto 25, litasoma karibu 40 hewa hiyo ikifikia nyuzijoto 55, kwa kuwa mgandamizo wa hewa iliyofungiwa hupanda sambamba na joto lake. Ongezeko la paundi 4 au 5 baada ya mwendo wa saa moja ni la kawaida, lakini likifika 8 au 10 ni dalili kwamba tairi lilianza safari likiwa na upepo mdogo kuliko mzigo wake, au kwamba mwendo umezidi. Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka, kwa maana dereva akiona geji imepanda hupunguza upepo, jambo linaloongeza mkunjo na kuzidisha joto lilelile alilotaka kuliondoa. Lililo sahihi ni kusimama kivulini, kuliacha tairi lipoe, kisha kuongeza upepo au kupunguza mwendo.

Kwa njia hii ya kaskazini mwa Tanzania kuna suala la ziada la mwinuko. Mji mdogo wa Mto wa Mbu uko karibu na usawa wa Ziwa Manyara, takribani mita 960 juu ya bahari, ilhali ukingo wa Ngorongoro unafika karibu mita 2,300, ambako hewa ya nje ni nyepesi zaidi na kwa hiyo geji husoma paundi mbili hivi zaidi ingawa hakuna kilichoongezwa ndani ya tairi. Hata hivyo baridi ya huko juu, inapopunguza joto la hewa ya tairi kwa nyuzi 15, hushusha kipimo cha geji kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, na hivyo athari hizo mbili karibu hufutana. Anayepima ukingoni asubuhi yenye ukungu kisha akateremka kwenye jua la Oldupai hupata mabadiliko yaliyopinduka kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo hana sababu ya kufungua vali njiani.

Mwiba wenyewe hauna budi kupewa nafasi yake. Migunga ya Seronera na Ndutu huangusha matawi yenye miiba myeupe, iliyonyooka na migumu, ambayo baadhi hupita urefu wa kidole, na tawi lililolala chini mara nyingi halidhuru gurudumu la mbele bali huinuliwa nalo, likasimama, likapokewa na gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo la nyuma ndilo linalobeba abiria, mizigo na kwa kawaida matairi ya akiba, hivyo si ajabu kwamba ndilo linaloumia zaidi. Mwiba ukivunjika ndani ya kashata haufiki kwenye hewa siku hiyohiyo, bali husukumwa ndani kidogo kidogo kwa kila mzunguko, na pancha hujitokeza siku mbili tatu baadaye mahali pasipo na mti hata mmoja. Desturi ya madereva makini ya kuyazunguka magurudumu kila jioni na koleo ndogo, wakiing'oa kila ncha inayoonekana, haipaswi kuchukuliwa kuwa mazoea ya kupoteza muda, maana robo saa ya jioni huokoa saa nzima ya kesho yake.

Jiwe hudhuru kwa namna nyingine. Kwenye njia ya Engaruka kuelekea Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, mawe ya volkano yana kingo kali, na tairi lililopunguzwa upepo ili kulainisha mwendo hutandaza ubavu wake nje ya mstari wa rimu, mahali ambapo kingo hizo hulifikia bila shida. Kupunguza upepo kunafaa kwenye mchanga, ambako uso mpana wa tairi hulizuia gari lisizame, na pia hupunguza mtikisiko kwenye yale mawimbi ya barabara ambayo madereva huyaita rasta, lakini kwenye mawe makali faida hiyo huisha na hasara huanza. Tofauti hii inastahili kutiliwa mkazo kwa sababu ushauri wa jumla wa kushusha upepo nje ya lami umeenea mno, na wengi huufuata bila kutazama kilicho chini ya gurudumu.

Tairi lisilo na tyubu lilianza kutangazwa na kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani mwaka 1947, na leo ndilo la kawaida kwenye magari madogo karibu kila mahali, lakini Land Cruiser nyingi za kazi bado hutembea na tairi la 7.50R16 lenye tyubu, likiwa limefungwa kwenye rimu ya vipande, yaani rimu ambayo upande mmoja hushikiliwa na pete ya chuma inayoweza kung'olewa. Wanaoiona teknolojia hii kuwa ya kizamani hupima kitu kimoja tu. Tyubu hupata joto zaidi, hutoboka ghafla badala ya kuvuja polepole, na upepo ukishushwa sana tairi huteleza juu ya rimu na kuburuta tyubu hadi shina la vali linang'oka. Faida yake ni moja, nayo ni kubwa mno kwa mtu aliye mbali na karakana, kwamba tairi zima linaweza kufunguliwa kwa pao mbili, yaani vyuma vya kubandulia tairi, na nyundo, kuzibwa na kurudishwa kwa pampu ya kawaida, ilhali tairi lisilo na tyubu likishaachana na ukingo wa rimu huhitaji hewa nyingi kwa mkupuo mmoja ili likae tena.

Ukarabati wa tyubu, unapofanywa ipasavyo, huanza kwa kuondoa sindano ya vali, ile sehemu ndogo ya ndani inayofungua na kufunga njia ya hewa, mpaka upepo wote uishe kabisa. Ukingo wa tairi hubanduliwa kutoka kwenye rimu kwa pao, na pale uliposhikana kwa kutu huwekwa kitako cha jeki juu yake chini ya bampa ili uzito wa gari uusukume. Pete ya chuma hung'olewa, rimu hutolewa, kisha hutolewa flepu, ambayo ni mkanda mpana wa mpira unaoitenga tyubu na chuma, na mwishoni tyubu yenyewe. Fundi mzoefu huiweka tyubu juu ya tairi kwa mkao uleule iliokuwa nao ndani, vali ikielekea alama aliyoichora kwa chaki kabla ya kufungua, kwa kuwa tundu likishapatikana kwenye tyubu huonyesha moja kwa moja mahali mwiba ulipo kwenye tairi. Ndani ya tairi hupitishwa kitambaa badala ya vidole, maana kitambaa hunaswa na ncha ndogo ambayo kidole kingeikosa au kingeijua kwa kuchomwa.

Kiraka kinachobanduka baada ya siku moja mara nyingi kimeharibiwa na haraka. Eneo linalozunguka tundu hukwaruzwa kwa msasa hadi ule mng'aro wa mpira upotee, solusheni hupakwa nyembamba na kwa upana unaozidi kiraka, kisha huachwa ikauke mpaka ikiguswa kwa nyuma ya kidole ishike bila kulowesha. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi, wakidhani unyevu ndio unaoshika, kumbe kimiminika kilichobaki chini ya kiraka hugeuka mvuke tairi linapopata joto na kukiinua. Kiraka hugandamizwa kuanzia katikati kuelekea kingo, na poda kidogo hunyunyizwa ili tyubu isigande kwenye tairi, ingawa poda ikizidi huwa mabonge yanayoisugua. Tairi lililotengenezwa kutumika bila tyubu likitiwa tyubu, kila karatasi na mstari ulioinuka ndani yake unapaswa kuondolewa, la sivyo huila tyubu polepole.

Kujaza upepo kwenye rimu ya vipande ndiyo hatua inayoua. Katika upepo wa kazi, hewa huusukuma ukingo wa tairi dhidi ya pete kwa nguvu ya tani kadhaa, na pete ambayo haikukaa vizuri kwenye mfereji wake, au iliyopinda na kuliwa na kutu, huruka kwa kasi ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuihimili. Gurudumu linapaswa kulazwa pete ikitazama ardhi, au kufungwa mnyororo, au kuingizwa chini ya gari. Mpira wa pampu uwe mrefu ili anayejaza akae kando, na kazi isimamishwe kwenye paundi 5 hivi ili pete ikaguliwe pande zote. Ikionekana imeinuka mahali fulani, upepo wote hutolewa kwanza kabla ya kuigusa, wala haigongwi kwa nyundo ikiwa na hewa nyuma yake. Katika vibanda vingi vya pancha hatua hii hufanywa kwa kusimama juu ya tairi, na hakuna haraka ya mteja inayoweza kuihalalisha.

Tairi lisilo na tyubu huzibwa likiwa bado garini. Mwiba hutolewa, tundu hukwanguliwa kwa tupa ya mviringo, na utambi uliolowekwa mpira mbichi husukumwa ndani kwa sindano nene kisha ncha zake hukatwa. Njia hii inafaa kwenye eneo la kashata pekee. Begani na ubavuni, ambako tairi hujikunja, utambi hulegea na nyuzi zilizokatika hazirudi, na kinachobaki ni kuweka ndani kipande kinene kilichokatwa kwenye tairi kuukuu pamoja na tyubu, ili gari litambae hadi mjini.

Kubadilisha gurudumu kuna hatari zake. Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, mawe huwekwa kwenye magurudumu ya upande wa pili, na jeki hukalishwa juu ya kipande cha ubao kwa sababu ardhi ya majivu ya volkano huimeza. Jeki fupi ya mafuta chini ya ekseli huinua gurudumu peke yake, wakati jeki ndefu aina ya Hi-Lift huinua bodi kwanza, hivyo gari hupanda juu mno na kuyumba kabla gurudumu halijaachana na ardhi. Katika Land Rover za zamani, zikiwamo Defender za awali, breki ya mkono haishiki magurudumu bali hushika propela ya nyuma, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, na gurudumu moja la nyuma likinyanyuliwa, difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya ekseli, huliacha lizunguke kinyume na mwenzake, gari likaondoka kwenye jeki ingawa breki imevutwa hadi mwisho. Kinga yake ni kuingiza gia ya kuendesha magurudumu manne, au kufunga difu ya katikati kwa gari lenye nayo, kabla ya kuinua. Ndani ya hifadhi, ambako abiria hawaruhusiwi kushuka ovyo, dereva hutazama nyasi kwa muda kabla ya kufungua mlango, na mara nyingi huita kwa redio gari la pili lisimame ubavuni kama kizuizi na jicho la ziada.

Nati hukazwa kwa kuvuka katikati, si kwa kufuatana, kisha hukazwa tena gurudumu likiwa chini, na tena baada ya kilomita 50 hivi za rasta, ambazo hulegeza kila kilichobaki na nafasi. Tairi la akiba lililotumika nalo lina umri, na tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019, huonyesha kama jua la miaka mingi nyuma ya gari limekwisha kuupasua mpira wake kabla haujakanyaga ardhi.