Jiko la Kikoloni Halina Mlango wa Nyuma

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, mwalimu alitupa kurasa mbili za jarida la Marekani kuhusu ukarabati wa majiko ya nyumbani. Majina ya vifaa hayakutushinda. Kilichotushinda ni kichwa cha makala, ambacho mimi nilikifasiri haraka: jiko la kikoloni la kisasa. Darasa zima likaangua kicheko. Hapa Burundi, nani atatoa fedha zake ili jiko lake liwe la kikoloni? Tangu siku ile nimeutazama mtindo huo kwa makini, na katika insha hii nataka kuuhakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine ya sanaa: unasema nini, na unanyamazia nini.

Kwanza tuutendee haki. Kwa Wamarekani, neno hilo halimaanishi utawala wa Wajerumani wala wa Wabelgiji. Linarejea enzi ya makoloni 13 ya Waingereza, kabla ya kutangazwa uhuru mwaka 1776. Baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, taifa lilipotimiza miaka 100, wengi walianza kuzitamani nyumba za mababu zao. Shauku hiyo ilizidi pale mji wa Williamsburg, Virginia, ulipoanza kurudishiwa sura yake ya zamani katika miaka ya 1920, kwa fedha za John D. Rockefeller Jr.

Kwa macho, mtindo huu unapendeza. Kabati za mbao zilizopakwa rangi tulivu hupangwa kwa ulinganifu, na milango yake ina vishikio vya shaba. Sinki ni pana na lenye kina. Friji hufichwa nyuma ya mlango wa kabati. Juu ya jiko la gesi hujengwa kifuniko kikubwa cha kutolea moshi, mfano wa dohani, ili kukumbusha meko ya kale. Hakuna kinachong'aa kupita kiasi, na mbao inaachwa ionekane mbao. Hilo nalisifu.

Kasoro yake imo katika kumbukumbu. Katika nyumba nyingi za wakulima wa New England, familia ilipika, ikala na kusokota nyuzi mbele ya meko moja. Lakini kwa matajiri wa Virginia, jiko mara nyingi lilikuwa jengo la peke yake nyuma ya nyumba. Waliogopa moto, joto na harufu. Pia walitaka kuwatenga waliopika, ambao walikuwa watumwa. James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson, alipelekwa Paris mwaka 1784 akajifunza upishi wa Kifaransa. Hakupata uhuru wake hadi mwaka 1796, baada ya kumfundisha ndugu yake Peter kazi hiyo.

Sasa tazama jiko la jarida. Ukuta umebomolewa, jiko limeletwa katikati ya nyumba, na mwenye nyumba anapika huku akizungumza na wageni. Ni jambo jema, lakini ni kinyume kabisa cha jiko la Virginia. Mtindo umechukua shaba, mbao na matofali, ukamwacha mpishi.

Nilimsomea babu tafsiri yangu. Kabla ya uhuru wa 1962 alikuwa mpishi katika nyumba ya Mbelgiji mmoja hapa mjini, wakati huo ukiitwa Usumbura. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mlango wa nyuma uko wapi?" Yeye aliingilia mlango huo kila alfajiri akitoka boyeri, kile chumba cha uani alimolala. Supu aliipeleka mezani, lakini mezani hakuwahi kuketi.

Wapo watakaosema kwamba mwenye nyumba anataka mahali pa kupikia tu, si somo la historia. Ningekubali kama angeliita jiko la mbao. Akishalipa jina la enzi fulani, hana budi kuipokea enzi hiyo pamoja na watu wake. Hata Monticello, nyumbani kwa Jefferson, leo wageni huonyeshwa jiko na kutajiwa waliopika humo. Jarida nalo lingeweza kufanya hivyo kwa sentensi moja.

Mwishowe nilibadilisha tafsiri yangu: jiko la kisasa la mtindo wa enzi ya makoloni ya Marekani. Mwalimu alisema ni refu mno kwa kichwa cha makala, na ni kweli. Nililiacha hivyo hivyo. Neno "kikoloni" katika Kiswahili chetu lina babu yangu ndani yake, na sikutaka litumike kuuzia kabati.