Kosa la Sarufi au Kosa la Muundo?

Tafsiri ya ujumbe wa kompyuta haipimwi kwa ufasaha peke yake, bali pia kwa msaada unaopatikana kwa mtu aliyekwama. Tuchukue mfano wa programu-jalizi ambayo ofisi imejiandikia kwa ajili ya tovuti yake, kwa lugha ya PHP. Mwandishi amesahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari wa 11. Mashine haiutambui upungufu huo mpaka ikutane na neno la mstari wa 12. Hapo hukoma na kutangaza kosa.

Wako wanaopenda kuliita kosa hilo "kosa la sarufi". Istilahi hiyo ni pana mno. Sarufi kwetu hukusanya sauti, maumbo, miundo na maana, ilhali hapa kilichoharibika ni mpangilio wa alama tu. Tena, programu yaweza kuwa na muundo sahihi, ikaendeshwa bila kipingamizi na kutoa jibu la uongo. Hilo ni kosa la mantiki, na dawa yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo "kosa la muundo" ndilo lifaalo. "Sintaksia" tuwaachie wanaisimu.

Pili, kusema "kosa katika mstari wa 12" ni kumpeleka mtu mahali pasipo na kosa. Atausoma mstari huo mara kumi, na hata kuuharibu, ilhali tovuti imefungika. Yafaa kusema "kosa limegunduliwa kwenye mstari wa 12". Kitenzi hicho kimoja humkumbusha kutazama pia mistari iliyotangulia.

Tatizo hili si la Kiswahili pekee. Kwa miaka mingi PHP iliitaja alama ya nukta pacha mbili (::) kwa jina la Kiebrania, T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM, urithi wa Waisraeli Zeev Suraski na Andi Gutmans walioiunda upya lugha hiyo. Wasiojua Kiebrania walitatanika. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2020, ujumbe huonyesha alama yenyewe.

Funzo ni wazi: panapoweza kuonyeshwa kitu chenyewe, jina geni halina kazi. Na panapohitajika jina, lichaguliwe kwa kuuchunguza kwanza utendaji wa mashine, kisha ndipo kamusi ifunguliwe.