Pindo la akiba

Ndani ya msimbo wa mfumo endeshi wa Haiku kuna mistari isiyofanya kazi yoyote: funksheni tupu, zimepewa namba tu, moja, mbili, tatu. Mgeni atadhani kuna mtu alisahau kufagia. Fundi cherehani angeelewa mara moja. Hilo ni pindo, kile kitambaa kinachokunjwa ndani ya sare ya mtoto wa darasa la kwanza ili mwakani ishushwe.

Walioacha pindo hilo ni wahandisi wa Be, kampuni ya Jean-Louis Gassée iliyotengeneza mfumo endeshi wa BeOS miaka ya 1990. Programu ya C++ ikishapita kwenye kompaila haiziiti funksheni hizi kwa majina. Inaziita kwa nafasi, kama abiria mwenye tiketi ya kiti namba tisa. Ukichomeka kiti kipya katikati, wote wa nyuma wamekalia pasipo pao, na programu inaanguka. Be wakaacha viti vitupu. Mwaka 2001 mali za kampuni zikanunuliwa na Palm, na mwaka huohuo watu wa kujitolea wakaanza kuujenga mfumo ule upya, msimbo wao wenyewe, vipimo vilevile: ndio Haiku. Wakihitaji funksheni mpya, hukalia kiti kimojawapo kati ya vile.

Kwa kompaila walikuwa wabishi zaidi, na ubishi huo naupenda. Toleo la biti 32 bado linajengwa kwa GCC 2.95 ya mwaka 1999, kwa sababu GCC 3 ilibadilisha mpangilio wa C++ na programu za BeOS zisingeielewa tena. Ila kompaila ya umri huo haiwezi kujenga kivinjari cha leo. Kwa hiyo mfumo unabeba maktaba za aina mbili, za kale na za kisasa, na programu inapofunguliwa, kipakiaji huchungulia imetengenezwa na kompaila gani, kisha kuielekeza kwa wenzake. Ni mzigo, hakuna ubishi. Toleo la biti 64 liliutua: hakukuwa na programu za BeOS za biti 64, basi hakukuwa na deni.

Toleo hilo la biti 32 linakubali Pentium II, prosesa ya mwaka 1997, mradi kompyuta iwe na kumbukumbu ya MB 384. Upande wa pili, Haiku inakubali diski za NVMe, USB 3 na mashine za UEFI. Watu wachache wasingeweza kuandika draiva za kadi zote za mtandao duniani, nao hawakujaribu. Walitengeneza tabaka linaloigiza kerneli ya mfumo mwingine, FreeBSD, draiva za huko zikaingia zikijiona ziko nyumbani. Kwa kadi mpya za Wi-Fi za Intel, waliazima kwa OpenBSD.

Lakini ufundi nauona zaidi pale mambo yanapokwama. Shikilia Shift wakati kompyuta ya BIOS inawaka, au kitufe cha nafasi kwenye UEFI, utapata menyu ya kuzima kimoja kimoja: usisome majedwali ya ACPI, tumia prosesa moja tu, chora skrini kwa VESA ya kawaida. Aliyeiandika menyu hii anajua kuwa majedwali ya watengenezaji wa mashine husema uongo, ya zamani na ya jana.

Ukiiacha kompyuta iwake yenyewe, picha ndogo hujipanga kwenye skrini na kung'aa moja baada ya nyingine. Mashine ikiganda, swali la kwanza utakaloulizwa ni imeishia picha gani. Diski? Basi haijaona mahali mfumo ulipohifadhiwa, tazama draiva ya diski au ya USB. Picha ya mwisho kabisa ni roketi.