Sindano Ndogo, Saratani ya Kale

Shishiyu, wilayani Maswa mkoani Simiyu, ni nchi ya wafugaji, na mbwa wa mfugaji ni nadra kufungwa. Mchana hufuata ng'ombe malishoni, usiku hulinda zizi. Jike akiwa kwenye joto, madume hutoka mbali kumfuata.

Mbwa wanaozurura hivyo ndio huambukizana saratani ya ajabu: uvimbe mwekundu unaochipuka kama koliflawa kwenye uume au uke na kutoa damu. Hauletwi na kirusi. Chembe hai za saratani zenyewe huhama wakati wa kupandana au kulambana. Zote duniani ni za ukoo mmoja. Watafiti waliochunguza sampuli 546 kutoka nchi 43 walikadiria mwaka 2019 kwamba mbwa wa kwanza aliugua Asia, miaka 4,000 hadi 8,500 iliyopita.

Uvimbe ukikatwa kwa kisu, mara nyingi hurudi. Dawa yake ni vinkristini, inayotokana na vinka, ua la asili ya Bukini linalopandwa hata kwenye makopo barazani. Dawa hiyo huzuia kuundwa kwa nyuzi zinazogawa kromosomu, chembe ikakwama katikati ya kugawanyika, ikafa.

Kazi kubwa ni hesabu. Dozi hufuata eneo la mwili, kwa kawaida miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa mita ya mraba. Kwa kipimo cha 0.6, mbwa wa kilo 15 hupata takriban miligramu 0.37. Wa kilo 30 hapati mara mbili yake, 0.74, hupata 0.58 tu. Anayezidisha kwa kilo humlisha sumu.

Kisha mshipa. Tone likivuja nje yake, nyama huoza. Ndiyo maana daktari wa mifugo huweka kanula, huhakikisha imekaa sawasawa, hudunga, kisha husafisha njia kwa maji ya chumvi. Kabla ya kila dozi hupima damu. Chembe nyeupe zikishuka mno, sindano huahirishwa.

Sindano huwa moja kwa wiki, mara nyingi nne hadi sita, na zaidi ya mbwa tisa kati ya kumi hupona. Manyoya kwa kawaida hayanyonyoki. Lakini hadi uvimbe uishe kabisa, mbwa huyo wa zizini lazima afungwe kamba, kwa sababu bado anaweza kumwambukiza jike wa jirani.