Kura Milioni Tatu Zilizobaki Nyumbani: Kikwete Alivyorudi Ikulu Mwaka 2010

Desemba 2005 Jakaya Kikwete alichaguliwa kwa kura 9,123,952, asilimia 80 ya kura halali. Oktoba 2010, alipoomba muhula wa pili, alipata kura 5,276,827. Rais aliye madarakani alipoteza kura zaidi ya milioni 3.8 katika miaka mitano, na bado akamwacha mpinzani wake wa karibu, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema, kwa kura milioni tatu. Ili kuelewa hilo liliwezekanaje, tuzifuatilie kura alizopoteza.

Sababu za wananchi kukasirika zilikuwa nyingi. Kashfa ya EPA ilifichua jinsi mabilioni ya shilingi yalivyochotwa Benki Kuu. Februari 2008 sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond lilimwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Kwa kawaida tungetegemea hasira hiyo iwe mtaji wa upinzani. Hesabu inasema vingine. Mwaka 2005 wagombea wote wa upinzani kwa pamoja walipata kura kama milioni 2.24, na mwaka 2010 wakapata milioni 3.12. Nyongeza haifiki hata laki tisa. Kikwete alipoteza zaidi ya mara nne ya kile ambacho upinzani ulivuna.

Kura nyingine hazikuhamia popote. Mwaka 2005 walijitokeza asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 asilimia 42.8 tu, yaani watu 8,626,283 kati ya 20,137,303. Asilimia hiyo tuisome kwa tahadhari, kwa sababu daftari la wapiga kura hubeba pia majina ya marehemu na ya waliohama. Lakini idadi ya watu waliofika vituoni haitegemei usafi wa daftari, nayo ilipungua kwa zaidi ya milioni tatu. Baadhi walizuiwa na mazingira: vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa, na mwanafunzi aliyejiandikisha chuoni hakuweza kupiga kura akiwa kwao Rombo. Hata hivyo, pengo la ukubwa huo haliwezi kujazwa na wanafunzi peke yao. Wengi waliichoka CCM, chama cha Kikwete, bila kuuamini upinzani.

Miteremko ya Kilimanjaro inaonyesha kwa nini. Mkoa huu haujawahi kuogopa kuikataa CCM. Mwaka 1995 ulimpa Augustine Mrema kura kwa wingi alipogombea urais kupitia NCCR-Mageuzi. Miaka minne baadaye Mrema alikuwa amehamia TLP, na wafuasi wake wamegawanyika. Mwaka 2010 mkulima wa Marangu, katika jimbo la Vunjo, aliwakilishwa bungeni na TLP kupitia Mrema. Mfanyabiashara wa Majengo, Moshi Mjini, aliwakilishwa na Philemon Ndesamburo wa Chadema. Mtu wa Kibosho, Moshi Vijijini, alibaki na CCM, na wa Machame, jimbo la Hai, alikuwa na Freeman Mbowe wa Chadema. Wote hawa wana vihamba na migomba, wote wanalia na bei ya kahawa, lakini kilio chao kiligawanywa mafungu matatu. Kati ya majimbo tisa ya mkoa, CCM ilichukua matano, Chadema matatu, TLP moja. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye ngome ya mageuzi, mpiga kura wa Dodoma au Tabora angeshawishiwa na nini?

Hapo inaingia sheria. Ibara ya 39 ya Katiba inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Aliyevichoka vyama vyote hana mtu wa kumpigia. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani tangu miaka ya tisini, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba katazo la mgombea binafsi linakiuka haki za raia. Katazo halikuondolewa.

Linganisha na Marekani mwaka 1992. Rais George H. W. Bush alikuwa akiomba muhula wa pili, na wapiga kura wengi walikuwa wamechoshwa na Republican na Democratic kwa pamoja. Ross Perot, tajiri asiye na chama, aliingia kwenye karatasi ya kura na kupata karibu asilimia 19. Hakushinda jimbo hata moja, na wataalamu wanabishana kama ndiye aliyemwangusha Bush. Lakini uchovu wa Wamarekani ulihesabiwa, ukaonekana, na wanasiasa wakalazimika kuujibu. Wa kwetu wa mwaka 2010 haukuandikwa popote isipokuwa kwenye mahudhurio.

Kuna kifungu kingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2000, ibara ya 41(6) inampa urais anayepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote, hata asipofika nusu. Kifungu hicho sicho kilichompa Kikwete ushindi, kwani alivuka asilimia 60. Lakini kinafuta duru ya pili, ambayo ingewapa wapinzani waliotawanyika nafasi ya kukutana. Kwa utaratibu wetu, wasipoungana kabla ya kura, hawaungani tena.

Mwaka 2015 ulithibitisha hilo, ingawa safari hiyo hakukuwa na rais anayetetea kiti. Vyama vya Ukawa, muungano wa upinzani, viliachiana majimbo: Vunjo alisimama James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, na kwingine Chadema. Wakachukua majimbo saba kati ya tisa ya Kilimanjaro. Kitaifa, mahudhurio yalipanda hadi asilimia 67, na kura za upinzani zikaongezeka maradufu kupita milioni sita, japokuwa mgombea wao alikuwa Lowassa yuleyule wa Richmond. Watu walijitokeza walipoona kura yao inaweza kubadili kitu.

Kwa hiyo anayetaka kutabiri kama rais atarudi madarakani asihesabu manung'uniko ya sokoni Mbuyuni, Moshi. Aangalie kama manung'uniko yana jina kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2025 Chadema yenyewe haikuwamo kwenye karatasi hiyo, na jambo hilo linapaswa kumsumbua hata mwana-CCM anayependa ushindi wenye heshima. Dawa inajulikana na iliandikwa kwenye rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba: mgombea binafsi aruhusiwe, na rais apatikane kwa zaidi ya nusu ya kura. Mwaka 2010 Kikwete alirudi Ikulu kwa kura za robo ya walioandikishwa. Nchi inayowaachia robo kuamua, huku wengi wakiwa hawana wa kumchagua, inapaswa kubadili sheria kabla ya kuwalaumu wapiga kura.