Pongezi kwa Wakuzaji wa Tando za Nusu-kipitishi

Kukuza utando wa nusu-kipitishi juu ya kisahani cha silikoni ni kupanga atomu, tabaka baada ya tabaka, zifuate mpangilio wa fuwele iliyo chini. Galiamu nitridi ni miongoni mwa zinazosumbua zaidi. Nafasi za atomu zake hutofautiana na za silikoni kwa takriban asilimia 17. Ikipoa kutoka nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, hunywea zaidi sana kuliko silikoni, hata ikapasuka kama tope la Mto Tana mafuriko yakishakauka. Tena galiamu ikiigusa silikoni katika joto hilo, huila. Mafundi hutanguliza alumini nitridi, kisha tabaka za kati zinazoubana utando ili ukipoa usipasuke. Huo ni ustadi wa hali ya juu, ingawa anayenunua chaja ndogo yenye nguvu ya galiamu nitridi, awe Garsen au Tokyo, ni nadra kuujua.

Kenya nayo imeingia katika fani ya nusu-kipitishi kupitia kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, iliyoko Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Mwanafunzi wa Tana River anayependa fizikia ana pa kuanzia.