Kuigiza au Kujiiga? Uchungu wa Mwigizaji katika Filamu ya François Truffaut

Kwa umbo lake, kitenzi kuigiza ni kauli ya kutendesha ya kuiga. Ingawa matumizi ya leo yamefifiza maana hiyo, umbo lenyewe linatuachia swali la kihakiki: ni nani anayemfanya mwigizaji aige, na kwa gharama ya nani? Makala haya yanalielekeza swali hilo kwa La Nuit américaine (1973), filamu ya Kifaransa inayosimulia utengenezaji wa filamu, ambamo Truffaut mwenyewe anamwigiza mwongozaji, Ferrand.

Filamu hii hukumbukwa zaidi kama sifa kwa kazi ya sinema, na sifa hiyo ina msingi. Katika studio ya Nice, furaha na huzuni hupokezana bila kupumzika. Séverine, mwigizaji mkongwe, anasahau maneno yake na kufungua mlango usiofaa mara kwa mara, hadi anaangua kilio. Alexandre anafariki katika ajali ya gari; papo hapo hadithi inabadilishwa, na mtu mwingine anapigwa picha kwa nyuma ili kuziba nafasi ya marehemu. Kazi haingoji matanga.

Hata hivyo, kiini cha filamu kimo katika masaibu ya Julie. Akiwa ndiyo kwanza amepata nafuu ya maradhi ya akili, analala na Alphonse ili kijana huyo asiitoroke kazi. Alphonse anamfichulia mume wa Julie siri hiyo. Kwa uchungu, Julie anamfungulia Ferrand moyo wake. Baadaye anakabidhiwa mazungumzo mapya ya onyesho lake, na humo anayakuta maneno yake mwenyewe. Hapo kuigiza kunageuka kujiiga, na mtendeshaji anajulikana.

Mwaka huohuo Jean-Luc Godard alimwandikia Truffaut barua kali akimwita mwongo. Kwa maoni yetu, lawama hiyo haiuhusu mkasa huu: filamu haikificha kitendo cha Ferrand, bali ilikianika. Kasoro yake ni kukisamehe upesi mno. Julie anayatambua maneno yake, anayaigiza, na upigaji picha unaendelea.

Kwa hiyo, tunapohakiki uigizaji, haitoshi kuuliza iwapo uchungu tunaoonyeshwa unaaminika. Yafaa tuulize pia ulikuwa wa nani kwanza, na iwapo mwenyewe aliridhia utumiwe.